Karatasi Ambayo Mwenyewe Hakusomewa

Mishomoroni,
14 Januari 2025

Ami yangu Jafar,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na afya, wewe na wote wa nyumbani kwako hapo Kipini. Sisi huku tu wazima. Presha ya mama imeshuka tangu aache chumvi, ingawa kila akionja mchuzi hunitazama kama mtu niliyemwibia. Anakusalimu. Barua nampa Jefwa, utingo wa basi la Lamu, akushushie Witu kama kawaida. Ningepiga simu, lakini masikio yako najua hayapokei tena, na zile herufi za kwenye kioo cha simu umesema zinakuumiza macho.

Ami, nina jambo. Kazi yangu waijua: nawaandikia watu. Wao wana maisha, mimi nina kalamu, kitabu kinatoka na jina lao na mimi sionekani. Mwezi uliopita nilimaliza maisha ya bwana mmoja mwenye hoteli Bamburi. Alikuwa na haraka, hakunipa zaidi ya saa mbili za mazungumzo, na palipopelea nikajaza mwenyewe. Niliandika kwamba utotoni alikuwa akilala sokoni juu ya magunia, na njaa imemkaza tumbo. Wallahi ilinipendeza nikiiandika. Yeye hata hakuisoma, akaipeleka kuchapishwa.

Juzi mlango ukabishwa. Mama wa makamo, ameshika kile kitabu.

"Wewe ndiwe uliyeandika haya?"

Nikasema ndimi.

"Mimi ni dadake mkubwa. Niliacha shule darasa la sita, nikakaanga mihogo, ili huyu asilale njaa hata siku moja. Nionyeshe hilo soko."

Hakufoka. Alikiweka kitabu kizingitini akaenda zake. Tangu siku hiyo nikikaa kuandika vidole hufa ganzi. Sikujua kwamba sentensi moja niliyoitunga kwa kujifurahisha inaweza kumfutia mtu umri wake.

Sasa nimepata kazi nyingine, na hii sitaki kuiharibu. Ni mzee aliyekuwa dereva wa kreni Changamwe. Bintiye anataka maisha yake yaandikwe angali ana kumbukumbu. Wewe ulikuwa karani miaka mingi, na ndiwe uliyenifundisha kuandika kwa barua hizi hizi tangu nikiwa darasa la tano, ukinirudishia zangu zimejaa wino mwekundu. Nifundishe tena. Mtu anayeandika kwa jina la mwingine afanye kazi vipi ili asimdhulumu?

Mwanao anayengoja wino mwekundu,
Samiha


Kipini,
9 Februari 2025

Mwanangu Samiha,

Marahaba. Nasi tu wazima, alhamdulillahi, ila kisima kimeingia chumvi na mbuzi wa jirani wamemaliza kunde zangu. Msalimie mamako Mwanatabu. Mwambie chumvi asiililie, sisi huku tunaioga.

Barua yako nimeisoma mara nne. Yule mama mwenye kitabu mkononi hanitoki machoni.

Nisikize. Usipokee kazi ambayo mwenyewe hana muda wa kuisema. Asiye na muda wa kusema maisha yake atakulazimisha umtungie mengine. Ukishapokea, iwe hiyo tu. Kalamu yenye mabwana watatu huchanganya majina. Andika asubuhi ukiwa umepumzika, na alichokwambia leo kiandike leo, kabla sauti yake haijapoa masikioni mwako. Patana naye siku ya kwanza lipi litatoka na lipi litabaki baina yenu, na hilo la kubaki lisivuke hata kwa mamako.

Weka madaftari mawili. La kwanza la maneno yake, hata yakiwa yamepinda. La pili la kwako: dhana zako, maswali yako, na vile ambavyo ungependa iwe. Uzuri wote unaoutamani utie katika la pili. Na lisivuke hata neno kutoka la pili kwenda la kwanza bila mwenyewe kulijua.

Ukiharakishwa, simama. Anayekuharakisha ana sababu yake, na mara nyingi haimhusu mwenye maneno.

La mwisho ndilo kubwa. Umsomee. Umsomee kwa sauti, neno kwa neno, mpaka atikise kichwa au akukatize. Na kama hajui kusoma, umsomee mara mbili. Asiyejua kusoma akitiwa maneno kinywani hana pa kuyatemea.

Haya siyasemi kwa kuwa nilikuwa karani hodari. Niliwahi kuharakishwa. Tuliache hilo.

Ami yako,
Jafar

Hukunitajia jina la huyo mzee wa kreni.


Mishomoroni,
2 Machi 2025

Ami yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mama amefunga, ingawa daktari alimwambia asifunge. Nikimkumbusha anasema daktari hamjui Mungu wake. Chumba cha jirani yetu kimepata mpangaji mpya, fundi wa viatu, na siku nzima ni nyundo.

Madaftari mawili nimenunua. La kwanza ni la bluu, linajaa. La pili halina kitu ila maswali, na sikuamini kazi ingekuwa nyepesi hivi nikiacha kutunga. Nakwenda kwake Bamburi Jumanne na Alhamisi asubuhi. Anakaa na bintiye Rispa, ambaye ni mpishi, nyuma ya machimbo ya zamani. Mzee anaitwa Musyoka. Alikuja pwani akiwa na miaka kumi na tisa, na Kiswahili chake mpaka leo kina milima ndani yake. Kabla ya kusema jambo la maana huvua kofia akaiweka gotini, na mimi nimejifunza kutozungumza mpaka airudishe kichwani.

Amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwa vitabu vya shule vya Rispa. Kila sura nikimsomea anafuatisha kwa kidole, na juzi alinisimamisha: "Hapo umesema niliogopa. Mimi sikuogopa, niliona aibu." Nikarekebisha. Ami, ningekuwa nimekosea na nisingejua!

Wiki hizi amekuwa akizunguka mwaka mmoja haugusi. Anasema ni mwaka uliotaka kumtoa kwenye kreni. Ameniahidi kwamba Idi ikipita atanieleza.

Wewe ulikuwa karani Changamwe miaka ile. Hukumjua?

Mwenye daftari la bluu,
Samiha


Kipini,
19 Machi 2025

Mwanangu Samiha,

Marahaba. Tunafunga, jua ni kali. Mvua wanasema karibu, mimi sioni wingu.

Madereva walikuwa wengi na makuli zaidi. Siwezi kumkumbuka kila mtu.

Huyo mzee usimchoshe. Umri ule ukimkumbusha mtu mambo mazito unaweza kumuua. Kitabu si lazima kiwe na kila kitu. Kama mwaka huo unamtaabisha, mwambie auruke, nawe uendelee na mengine. Si vibaya.

Futari njema.
Jafar


Mishomoroni,
6 Aprili 2025

Ami,

Shikamoo. Idi tuliisali, mama yu mzima. Salamu nyingine leo sina, nisamehe.

Alhamisi nilikwenda kwa Mzee Musyoka. Rispa alikuwa kazini. Kofia nilimkuta nayo gotini tayari, na hakungoja hata niwashe simu inase sauti.

"Kuna kijana alikufa chini ya kreni yangu," akasema. "Mwezi wa nane, tisini na sita. Alikuwa kuli, mtu wa Likoni. Bakari."

Ami, kalamu ilinitoka mkononi. Niliiokota nikamwacha aseme.

Alisema waya wa kreni ulikuwa umeanza kukatika nyuzi. Alimwambia msimamizi mara tatu, asubuhi hiyo pekee mara mbili. Msimamizi akamwambia ainue tu, malori yanangoja. Mzigo ukakwama hewani. Msimamizi akamwita Bakari, kwa jina lake, aingie chini aunasue. Akaingia kwa kuwa ameitwa. Waya ukakatika.

"Alikuwa amesinzia?" nikauliza. Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Nani amesinzia? Aliniinulia mkono kwanza, hivi, kunionyesha kuwa ameniona. Mtu wa usingizi hainui mkono." Akaipapasa kofia gotini. "Lakini karatasi inasema alisinzia. Na hiyo karatasi ni yangu. Mimi ndiye inasema."

Akaingia ndani akatoka na bahasha. Alisema siku zile hakujua kusoma hata herufi. Siku nne baada ya ajali aliitwa ofisini akaambiwa tia kidole hapa, ni mambo ya ofisi. Akatia. Hakuna aliyemsomea. Aliyemsomea ni Rispa, miaka sita baadaye, akiwa darasa la saba. "Aliposoma mpaka mwisho nikaenda nje nikatapika," akasema.

Nakunukulia, ingawa nadhani huhitaji kunukuliwa: "Mimi, Musyoka, dereva wa kreni, nilimwona marehemu akiingia chini ya mzigo bila kuitwa, akiyumba kwa usingizi. Asubuhi alikuwa amenieleza kwamba hakulala, kwa sababu mtoto wake wa kike alikuwa na homa."

Mzee anaapa kwamba asubuhi ile hakusema na Bakari neno. Alikuwa juu ya kreni tangu saa moja. Hakujua hata kama ana mtoto.

Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka mitatu. Nikiwa na miaka tisa nilivunja chungu cha Bi Mishi, jirani yetu wa Likoni, naye akanipigia kelele mbele ya watoto: "Homa yako ilimla babako, sasa waja kunimalizia vyombo!" Ndivyo nilivyojua. Sikumwambia mama kwamba najua. Lakini nilianza kumwangalia, nikaona kwamba kila nikiugua hunipa dawa, hunifunika, kisha hutoka akakaa barazani mpaka nipone. Miaka yote hii nimekuwa nikificha maradhi. Nimekwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne na malaria, Ami, ili tu nisimwone akitoka nje.

Wala si hilo lililoniondoa pale Bamburi. Ule mwandiko naujua. Ile k yenye mkia unaopita chini ya mstari. Ile nukta nzito kama punje ya mtama. Niliirudia karatasi nikiomba niwe nimekosea, kisha nikatoa barua yako ya Februari mkobani nikaziweka zote mbili magotini, na mzee ananitazama haelewi nafanya nini. Nikamwambia kichwa kinaniuma, nikaondoka.

Nina swali moja tu. Ni wewe?

Samiha


Mishomoroni,
11 Mei 2025

Ami,

Shikamoo. Jefwa anasema barua alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma palepale umesimama, kisha ukamuuliza kama kuna nyingine.

Nimemrudia Mzee Musyoka. Nilimsomea sura yote ya mwaka ule, mara mbili, kisha nikamwambia kwamba Bakari ni babangu. Alisimama, akaishika kofia kwa mikono yote miwili kama mtu aliyefika matangani.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Anajua?"

"Anajua ile ya karatasi."

"Basi hiyo sura ibaki, na umwonyeshe mtu yeyote unayetaka. Mimi sitaki kufa na hiyo karatasi ikisema kwa mdomo wangu."

Mwandiko sikumwambia ni wa nani. Mama pia sijamwambia lolote. Nakula naye sahani moja na sijui niweke wapi macho. Nijibu.

Samiha


Kipini,
1 Juni 2025

Mwanangu,

Ni mimi.

Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazirefusha mpaka karatasi iishe. Nimefanya hivyo miaka ishirini na tisa.

Bakari alikufa Jumanne, tukamzika alasiri ileile. Ijumaa msimamizi alikuja na gari mpaka matangani akaniita nje. Akanipeleka ofisini, akaniwekea karatasi, akasimama nyuma ya kiti. Alisema dereva ndiye anayetoa maelezo na mimi kazi yangu ni kuandika tu. Dereva hakuwapo chumbani. Akasema waya usitajwe. Nikamwambia siwezi, huyu ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Akasema vyema, usipoandika wewe ataandika mwingine, na huyo mwingine ataandika kwamba alikuwa amelewa.

Bakari, Samiha. Ambaye hata sigara hakuivuta.

Nikajiambia usingizi ni afadhali kuliko ulevi. Nikajiambia namstiri. Nilipewa dakika kumi, na katika dakika kumi mtu anaweza kuamini chochote. Lakini usingizi nao ulitaka sababu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemsikia mamako nyuma ya pazia akiwaambia wanawake, "Hakulala usiku ule, maskini, alikesha na mtoto begani." Nikaliokota neno lake nikalitia. Ndivyo lilivyoingia. Yule dereva hakulisema. Nililiiba kwa mjane nikalitia kinywani mwa mtu asiyejua kusoma.

Nilidhani ni karatasi ya kukaa kabatini. Siku ya arobaini wakamtuma mtu wa ofisi, akaja akaisoma barazani, wanawake wote wanasikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona mamako anageuza kichwa polepole akikutafuta. Ulikuwa unacheza na kikombe. Alivyokutazama niliona mimi. Ningesema neno moja tu wakati ule. Sikufungua kinywa.

Mwezi uliofuata niliacha kazi nikahamia huku. Msimamizi amekwisha kufa, usimtafute.

Umejifunza kwangu tangu darasa la tano na hukuwahi kuniuliza kwa nini nakuhimiza vile. Nawe usiniulize kwa nini sikusema miaka yote hii. Wiki hizi nimejaribu kulijibu swali hilo mara tano, na kila jibu lilikuwa na uongo kidogo ndani yake.

Nimemwandikia mamako. Barua imo humu, sikuibandika. Najua utamsomea wewe. Msomee ilivyo. Usinipambe.

Jafar


Mishomoroni,
22 Juni 2025

Ami Jafar,

Shikamoo.

Nilimsomea Jumapili iliyopita asubuhi, tulipokwisha kunywa chai. Nilimwambia ni barua yako, akatabasamu, akafuta mikono kwa kanga akakaa vizuri, maana barua zako hupenda kuzisikia. Alitabasamu mpaka mstari wa tatu.

Hakulia. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia pale." Nikarudia. "Hakusinzia," akasema. "Rudia." Nimeisoma ile sentensi mara saba au nane, nilipoteza hesabu. Kila mara alikuwa akiegemea mbele kama mtu anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta. Kisha nikamweleza alivyosema Mzee Musyoka, naye akauliza, "Aliinua mkono?" Nikasema aliinua. "Upi?" Sikujua. Ikabidi nimpigie Rispa, naye akamuuliza babake. Wa kulia.

Ndipo akaniambia nisogee. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, na mimi sina homa wala chochote, akakiacha pale muda mrefu.

"Hukumuua mtu wewe," akasema. "Na mimi nimekuwa nikikimbia chumba chako."

Alijua kwamba najua. Bi Mishi alimwambia siku ileile ya chungu. Tumeishi nyumba moja, Ami, kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo sote tunalijua, na halikuwa kweli!

Kukuhusu wewe hakusema kitu kutwa. Jioni akasema: "Mwandikie aje. Barua yake nimeisikia. Sasa aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu waliosikia ile nyingine." Waliobaki hai ni watatu, na Bi Mishi mmojawao. Mzee Musyoka naye anataka kuja.

Sijui nikuombee nini. Njoo.

Samiha


Kipini,
27 Julai 2025

Mwanangu Samiha,

Nimerudi nyumbani salama. Miguu imevimba kwa safari. Mke wangu anakusalimu. Yeye pia nimemwambia, naye tangu juzi ananipa majibu ya neno moja.

Ulikuwapo, huhitaji kuelezwa. Lakini kuna upande wangu usioujua. Mimi nilisema, na nikisema sauti yangu mwenyewe siisikii, naihisi tu kifuani. Nilisema yote. Nilimwona Bi Mishi anajifunika uso. Nilimwona yule mzee, ambaye mara ya mwisho nilimwona kijana akitoka ofisini anafuta wino kidoleni, na hakukataa mkono wangu nilipompa. Halafu mamako akasimama akanijibu. Alisema kwa muda mrefu. Midomo yake nilijitahidi kuifuata nikashindwa, maana alikuwa akitikisa kichwa, na macho yangu yalikuwa na maji. Nilikuona wewe umeinama. Alipomaliza wote walikuwa wamesikia, na mimi peke yangu sijui nimehukumiwa nini.

Nilikupa kalamu uniandikie. Mamako akaishika akairudisha mfukoni mwangu. Kisha ikaja sahani ya wali, akaiweka mbele yangu kwa mkono wake. Njia nzima kurudi nimekuwa nikiishikilia sahani ile. Kila nikikata tamaa najiambia, lakini alinipa chakula.

Nakuomba, uniandikie alichosema.

Jafar


Mishomoroni,
17 Agosti 2025

Ami Jafar,

Shikamoo. Sote tu wazima. Kitabu cha Mzee Musyoka kimetoka. Rispa amechapisha nakala thelathini za ndugu na jamaa. Sura ile imo, na mwisho wake yeye mwenyewe aliongeza kwa mkono wake mistari mitano, herufi kubwa kubwa. Mmoja wa wanawe wa kiume amekasirika. Mzee hajali.

Barua yako nilimsomea mama. Nilimuuliza kama naweza kukuandikia aliyoyasema. Alikaa siku nyingi hajibu, ndiyo maana nimechelewa. Jana asubuhi akasema, "Mwandikie. Lakini iwe ni niliyoyasema, si unayotaka niwe nimesema." Haya ndiyo. Nimemsomea mara mbili.

"Jafar. Nilipowaambia wanawake kwamba hakulala, sikuwa nikilalamika. Nilikuwa namsifu. Nilitaka wajue mume wangu alikuwa baba wa namna gani. Ndilo neno la mwisho zuri nililokuwa nalo juu yake, nawe ukalichukua ukalifanya ndilo lililomuua.

"Miaka hii yote sikumtaja mbele ya mwanangu, kwa kuwa singeweza kumtaja bila ya usiku ule. Ameninyima nani baba wa kumsimulia mtoto? Nilidhani ni Mungu. Kumbe ni mwandiko.

"Wasema ulimstiri na jina la ulevi. Mimi ningekubali aandikwe mlevi. Ningejua ni uongo, ningecheka hapo hapo barazani, na mtoto wangu asingekuwamo.

"Umekuja, umesema. Nimekusikia. Sina la kukupa leo."

Hayo ndiyo aliyoyasema. Sahani ya wali, Ami, sitaki uishikilie bure. Bi Mishi ndiye aliyeuliza kama chakula kitolewe, mama akasema, "Mpeni ale, ametoka safari." Alipoona hakuna anayeinuka, akaileta mwenyewe. Sauti yake haikuwa ya hasira, wala haikuwa ya huruma.

Nilipofika hapa nikimsomea aliniambia nisifunge bahasha. Akafikiri, akasema niongeze neno moja, nami naliongeza kama lilivyo: "Mwambie njia ya hapa anaijua."

Sikumuuliza ana maana gani.

Samiha